Riba ya Shemeji

Ng'ombe wa Mashimba alikaushwa maziwa mwezi uleule chuo kikuu kilipotangaza kwamba mwanafunzi asiyemaliza ada hatakanyaga chumba cha mtihani. Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa, na bwana mifugo alikuwa na haki ya kusema asikamuliwe tena. Chuo nacho kilikuwa na haki ya kudai chake. Aliyebaki bila haki yoyote ni Odeta, binti wa pekee wa Mashimba, aliyekuwa mwaka wa kwanza akisomea biashara. Ada yake ilikuwa ikitoka kwenye kiwele cha ng'ombe huyo, chupa kwa chupa, tangu siku kiwanda cha pamba kilipompunguza baba yake kazini.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Shemeji. Alikuwa chotara, mwekundu, mwenye nyodo, asiyekula majani yaliyolala. Jina alimpa Mashimba, na kwa kuwa pale Buhongwa, pembeni mwa Mwanza, watu huita ng'ombe majina ya kila aina, hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Atazaa lini?" Rebeka, mke wa Mashimba, aliuliza akiwa mlangoni mwa banda, ameshika ndoo tupu kwa mazoea tu.

"Akiwa tayari."

"Chuo hakimsubiri mtu awe tayari, baba Odeta."

"Sasa unataka nimwambie Shemeji aharakishe?"

"Mwambie. Wewe anakusikiliza kuliko mimi."

Mashimba alimtazama ng'ombe. Ng'ombe akageuka upande wa pili. Katika nyumba ile hata mnyama alikuwa anakwepa mazungumzo ya ada.

*

Wiki hiyo chuo kilipata wageni wawili waliokuja kuzungumza na wanafunzi. Chuo kilikuwa kipya, rangi ya kuta ilikuwa bado inashika nguo za watu, na mgeni yeyote mwenye tai alipokelewa kama askofu.

Wa kwanza alikuwa Bwana Mayala, mtaalamu wa mikopo kutoka makao makuu ya benki moja ya Dar es Salaam, msomi, mzaliwa wa huku huku kanda ya ziwa. Alikuja na suti ya kijivu na simu ya mkononi, ambayo aliiweka mezani mbele ya watu wote ingawa humo ukumbini haikushika mtandao. Wa pili alikuwa Bwana Amirali, mfanyabiashara wa siku nyingi wa Mwanza, ambaye babu yake alifika mjini akiuza chumvi na yeye sasa alikuwa akikopesha nyavu na injini kwa wavuvi wa Kirumba. Bwana Amirali hakuwa na simu. Alikuwa na leso, na aliitumia sana.

"Leo nawaletea neno jipya," alianza Mayala. "Fedha endelevu."

Kalamu zote zikainama. Yalikuwa majira ya maneno mapya: ubinafsishaji, ushindani, uwazi, soko huria. Mwanafunzi aliyerudi nyumbani bila neno jipya alionekana ametoroka kipindi.

Mayala alieleza vizuri, hilo tumpe. Alisema mkopo mzuri hautazami faida ya msimu mmoja, unatazama kama udongo, maji na watu watakuwepo msimu unaofuata. Alisema mtaji si wa kula, cha kula ni kile mtaji unachozaa. Bwana Amirali akadakia kwamba yeye aliwahi kukopesha watu nyavu za matundu madogo, akalipwa vizuri sana mwaka ule, na miaka iliyofuata wadaiwa wakawa wanamletea samaki wa kujaza kijiko. "Mimi mwenyewe nilikopesha ziwa liishe," alisema akijifuta jasho. "Sasa nakopesha tundu kubwa tu. Asiyetaka, aende kwa binamu yangu." Ukumbi ukacheka.

"Lakini adui yetu mkubwa ni usiri," Mayala akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Wazee wetu Wasukuma wana mali, lakini wanaificha. Benki haiwezi kukopesha juu ya mali isiyoonekana. Nitawapa mfano wa nyumbani. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kule Magu. Nilimsihi auze nusu anunue hisa. Hakunisikia. Ikaja ndigana, ng'ombe wote wakaisha. Leo mzee wangu ni wa kutumiwa hela ya sukari kila mwezi."

Watu waliguna kwa huruma. Mayala, ambaye ng'ombe wale walimuuma kweli, akauliza nani anaweza kutoa mfano wa fedha endelevu kutoka nyumbani kwao.

Odeta alisimama. Hakuwa na kosa lolote ila kuamini kile alichokiona kila siku.

"Sisi nyumbani tuna ng'ombe mmoja. Hatumuuzi wala hatumchinji. Tunauza maziwa, mbolea yake tunalimia mchicha. Maziwa ndiyo yananisomesha. Ila sasa ana mimba amekaushwa, kwa hiyo ada imekwama."

"Umesikia hiyo?" Mayala alimgeukia Bwana Amirali kwa furaha kama mtu aliyeokota saa yake iliyopotea. "Mtaji upo, unazaa, na mwenyewe amekwama kwa miezi miwili tu! Benki yetu ina mpango wa majaribio, mifugo kuwa dhamana. Dada, kesho nipeleke kwa baba yako."

Odeta alikaa chini huku akipigiwa makofi. Jioni hiyo alitembea hadi nyumbani bila kuhisi barabara.

*

Mgeni wa benki si wa kupewa chai ya rangi, hasa kwenye nyumba inayojulikana kwa maziwa. Rebeka alimfuata jirani aliyekuwa mteja wake kabla ya kupata ng'ombe wake mwenyewe, akanunua maziwa, na jirani hakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Mama Odeta, leo mimi ndiye nakuuzia?"

"Dunia inazunguka, shoga."

"Nikupimie kwa kile kikombe chako kidogo, au kwa changu?"

Rebeka alicheka kwa nguvu ili asilie, akachukua maziwa, akaazima na vikombe viwili visivyo na ufa.

Mayala alifika na Bwana Amirali kwenye gari la chuo. Aliinama vizuri, akampa Mashimba mkono huku kiganja kingine kikishika kiwiko, kijana aliyelelewa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Karibuni. Wa wapi vile?"

"Magu, mzee. Naitwa Mayala. Mayala Ngosha."

Mashimba alikuwa ameshika kikombe. Hakukiangusha, lakini maziwa ya kununua yalimwagika kwenye sahani. "Ngosha wa pale karibu na josho?"

"Huyohuyo. Unamfahamu baba?"

"Magu nani asiyemfahamu," alisema Mashimba, akakaa chini polepole.

Alimfahamu sana. Shemeji alikuwa ng'ombe wa Mzee Ngosha.

Alikuwa amewekeshwa tu, kama ilivyo desturi ya huku. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja likaonwa na wezi, mtoza kodi na ndugu wenye njaa. Huyu anampelekea rafiki wa Buhongwa, huyu Kisesa, huyu Misungwi. Mlezi anakunywa maziwa, anachukua mbolea, na baada ya uzao kadhaa anapewa ndama wake. Ng'ombe akifa, mlezi anapeleka ngozi kwa mwenyewe iwe ushahidi. Na sharti kubwa ni hili: mlezi hamtaji mwenye mali, hata kwa watoto wake. Mtu akiuliza, ng'ombe ni wangu. Mzee Ngosha hakuwahi kupoteza ng'ombe hata mmoja kwa ndigana. Alikuwa amewatawanya, kwa sababu mwizi aliyemwogopa kuliko wote alikuwa na digrii na alitaka kununua hisa.

"Ng'ombe mzuri sana," Mayala alisema bandani, akimgusa Shemeji shavu kwa tahadhari ya mtu wa ofisi. "Ni wako, mzee?"

Mashimba alimtazama mkewe. Rebeka alitazama paa.

"Wangu," alisema Mashimba, kama desturi ilivyotaka.

"Basi mambo yamekwisha! Jumamosi nakuja na fomu, na wanafunzi wachache waje wajionee. Utaweka sahihi, shahidi mmoja anayeheshimika ataweka yake, Jumatatu ada inalipwa."

Bwana Amirali alikuwa akimwangalia Mashimba jasho linavyomtoka. Akamwazima leso.

*

"Baba, mbona hufurahi?" Odeta aliuliza gari lilipoondoka.

Mashimba aliendelea kukata majani. Rebeka ndiye aliyesema, "Mwambie. Huyu si mtoto tena."

Akamwambia yote. Odeta alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Kwa hiyo nimesimama mbele ya chuo kizima nikajisifia ng'ombe wa watu."

"Ulisema kweli uliyoijua."

"Na yule bwana anataka kumuwekea baba yake mwenyewe ng'ombe wake rehani!" Alianza kucheka, akashindwa kumaliza. "Baba, si utie sahihi tu? Shemeji akizaa tutalipa. Mzee Ngosha hatajua."

"Na tusipolipa? Ndama akifia tumboni?" Mashimba aliweka panga chini. "Akifa kwa ugonjwa, nampelekea ngozi, tunalia wote wawili, yameisha. Benki wakimchukua, nampelekea nini? Fomu?"

"Basi mwambie Bwana Mayala ukweli."

"Nimtangaze mzee kwa mtoto wake? Aliniamini."

"Na mimi?" Odeta aliuliza, na sasa machozi yalitoka. "Mimi nifanyeje, baba? Nirudi kuchuma mchicha?"

Mashimba aliokota panga, akarudi kwenye majani. Kesho yake alimtuma dereva wa basi la Magu amwambie Mzee Ngosha aje, kuna shida ya shemeji.

*

Mzee Ngosha alifika Jumamosi asubuhi na koti lake la miaka yote, lililotoka nyuzi mikononi. Lilikuwa koti la kazi: alilivaa kila mwanawe alipomtembelea, na hata alipotoka alilivaa kwa tahadhari. Alikuwa ameketi bandani akisikiliza habari nzima, kinywa wazi, wakati gari la chuo liliposimama nje.

"Ndio yeye?" alinong'ona.

"Ndiye. Wamewahi."

Hapakuwa na mlango wa nyuma. Mayala aliingia na mkoba, nyuma yake Bwana Amirali na wanafunzi wenye madaftari, na Odeta mwisho kabisa kama mtu anayesindikizwa mahakamani.

"Baba! Wewe huku?"

"Mwangaluka, mwanangu," mzee alijibu kwa utulivu wa kutisha. "Nimekuja kumsalimia Mashimba. Tumetoka mbali. Nikasikia ana ng'ombe, nikasema ngoja nimtazame. Macho tu, mwanangu. Macho hayatozwi."

Mayala aliguswa. Baba yake, masikini, alikuwa anasafiri kutazama ng'ombe wa watu wengine. Alikuwa bado anatafuta la kusema wakati Shemeji, ambaye asubuhi yote hakutaka kumwangalia mtu, aliponyoosha shingo akaanza kuulamba mfuko wa koti la mzee kwa ulimi mrefu, kwa bidii, kama mwenye madai.

"Mbona anakufahamu hivyo?"

"Ng'ombe wananipenda," alisema Ngosha akijaribu kuuondoa mfuko. "Walionipenda zaidi walikufa."

"Pole, baba."

Bwana Amirali aliinamia mfuko ule. Kuna punje nyeupe zilikuwa zimeanguka kwenye majani. Mtu ambaye ukoo wake umeuza chumvi tangu kwa babu hahitaji kuionja.

"Mzee Ngosha," alisema kwa upole, "siku hizi dukani kwetu watu wanasema bado unachukua chumvi kwa gunia. Nikawaambia hapana, mzee hana mfugo tena. Au?"

Mashimba alifumba macho.

"Ya mboga," alijibu Ngosha.

"Ya mboga. Ndiyo." Bwana Amirali alipenga kamasi kwenye leso kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. "Mzee anapenda mboga sana."

Mayala alikuwa ameshafungua mkoba, hakusikia. Aliwapanga wanafunzi, akaeleza habari ya dhamana, kisha uso ukamng'aa. "Na bahati iliyoje, shahidi tunaye! Baba, wewe ni mtu mzima, unaheshimika kuanzia Magu hadi hapa. Nakuuliza mbele ya hawa. Ng'ombe huyu ni wa nani?"

Shemeji aliendelea na mfuko.

Mzee Ngosha alimtazama mwanawe na suti yake. Akamtazama ng'ombe, aliyemnunua mwenyewe mnadani, aliyemchagua kwa miguu na kiwele. Nyuma ya ng'ombe huyu kulikuwa na wengine wa Kisesa na Misungwi, na ukivuta kamba moja, zote zinakuja.

"Ni wa Mashimba," alisema.

"Umesikika, baba." Mayala akampa Mashimba kalamu. "Weka sahihi hapa, mzee."

Sasa mambo yalikuwa mepesi kupita kiasi. Mwenye mali ametamka mbele ya watu, na kwa mila zao neno lililotamkwa hivyo halirudishwi. Mashimba alikuwa na uwezo wa kupata ng'ombe, mkopo na ada kwa mstari mmoja wa wino. Alimtazama Odeta. Binti alikuwa amekiuma kidole, macho yote kwenye kalamu, na baba yake hakuwahi kumpenda kama alivyompenda dakika ile.

Akairudisha kalamu.

"Sitaki mkopo, baba."

"Hutaki? Mzee, si tulikubaliana?"

"Naogopa," alisema Mashimba.

"Unaogopa nini?"

"Naogopa tu. Mimi ni mtu wa zamani."

Mmoja wa wanafunzi alikohoa kicheko. Mayala alitingisha kichwa, akawageukia wote kwa sauti ya darasani. "Mmeona, vijana? Mali ipo, benki ipo, shahidi yupo, lakini woga unashinda. Andikeni hilo." Nao wakaandika, wanafunzi wa mwaka mmoja na Odeta, huku baba yake amesimama karibu na kinyesi cha ng'ombe akiandikwa kuwa mwoga. Odeta hakuandika. Alisogea akasimama ubavuni kwa baba yake, bega kwa bega, akawatazama wenzake mpaka yule mwenye kukohoa akainamisha uso.

Kabla ya kupanda gari Mayala alimvuta mzee wake pembeni, ingawa si pembeni sana, akampa bahasha. "Baba, hii ilikuwa ya mwezi huu. Nimeongeza na ya mwezi ujao. Ununue hata koti."

Mzee Ngosha alipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu. Maisha magumu."

"Najua, baba."

Bwana Amirali aliingia garini mwisho. Alipopita karibu na Odeta alisema chinichini, "Binti, hapo umesoma kuliko ukumbini," akafunga mlango.

*

Gari lilipopotea upande wa mjini, Mzee Ngosha alikuwa anamkwaruza Shemeji kati ya pembe.

"Ungeweza kumchukua," alisema hatimaye. "Nilishatamka."

"Ulitamka kwa kubanwa, mzee."

"Ndiyo. Nilibanwa na mwanangu mwenyewe." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Lakini ulikubali uitwe mwoga mbele ya mtoto wako kwa ajili yangu. Mimi kwa ajili ya mtoto wangu nimejiita masikini miaka mitano, na sikuona aibu hata siku moja. Leo nimeiona." Akaendelea kwa haraka, kama mtu anayeogopa kujisikia. "Ndama atakayezaliwa ni wako. Nasema bila kubanwa. Mama Odeta, wewe ni shahidi."

Rebeka, aliyekuwa amesimama na vikombe vya kuazima, aliitikia kwa kichwa tu.

Mzee akaingiza mkono kwenye koti, upande usio na chumvi, akatoa ile bahasha. Hakuifungua. Akampa Odeta.

"Jumatatu ukalipe."

"Babu, hii ni hela yako ya sukari."

"Sukari ninayo. Chukua, ni mkopo."

"Mkopo wa nani?"

"Wa benki. Si umeona imetoka mkononi kwa nani?"

Odeta alianza kucheka na safari hii alimaliza, na kilio kikaingia humohumo, mama yake akamshika bega. Alipotulia, akapangusa uso kwa mgongo wa mkono, akauliza kama mwanafunzi wa biashara anavyopaswa kuuliza, "Na riba, babu?"

Mzee Ngosha alitazama barabara, akahakikisha vumbi limetua.

"Riba ni kunyamaza."

*

Odeta alifanya mtihani. Karatasi ya fedha ilikuwa na swali la lazima, lililotungwa kwa msaada wa mgeni kutoka Dar es Salaam: toa mfano mmoja kutoka jamii yako, ukionyesha jinsi mali inavyoweza kuzaa na kufaa watu wengi bila yenyewe kumalizwa.

Katika ukumbi mzima hakuna aliyekuwa na jibu zuri kama lake. Alilijua toka kwenye josho la Magu hadi kwenye ndama jike aliyezaliwa wiki ile Buhongwa, mwekundu, mwenye nyodo kama mama yake. Alishika kalamu, akatabasamu peke yake, akaandika ukurasa mzima kuhusu nyavu za Bwana Amirali.

Alipata alama za wastani. Pembeni msahihishaji alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Mfano huu tulishausikia ukumbini. Kwani nyumbani kwenu hakuna?